Mwenye Mashine ya Ninja

Hakuwahi kushinda. Mashine ilikuwa yake, aliijua kila skrubu na kila waya, lakini hakuweza kumpiga hata mtoto wa darasa la tatu. Akishika mkono wa kuchezea, ninja wake alirukaruka mahali pamoja kama kuku aliyekanyaga jivu la moto, mpaka anaangushwa. Watoto walicheka mpaka wakakaa chini. Yeye naye alicheka, akavua kofia, akamwinamia aliyemshinda na kumwambia, "Umeniua vizuri. Sasa mpishe mwenzako naye aniue."

Tulimwita Mwenye Mashine. Jina lake nililijua, lakini hakuna aliyelitumia, na sasa kwa kuwa hayupo naona si vibaya akabaki na lile tulilompa.

Alikuja kituoni kwetu, penye maduka machache ufukoni mwa Ziwa Victoria, si mbali na Sindo, mwaka uliofuata mazishi ya mama. Baba alikuwa ametangulia. Nilikuwa nimeacha shule kidato cha kwanza ili nibaki na wadogo wangu: Odhiambo aliyenifuata, kisha Pauline, kisha Mika, ambaye bado alikuwa hapati usingizi bila leso ya mama. Ndugu za baba walikuwa wameshakubaliana kutugawa. Odhiambo aende kwa mmoja akasaidie na nyavu, Pauline kwa mwingine akalee watoto, Mika apelekwe kwa shangazi Kendu Bay, nami niolewe. Walilisema kwa upole, wakinywa chai yetu. Nikakataa. Nikawaambia tutakaa wote katika nyumba ya baba, hata kama ni kula mara moja.

Baba mdogo akaweka kikombe chini. "Akoth, wewe ni mtoto. Lakini sawa. Tuone."

Hiyo "tuone" yake niliamka nayo kila asubuhi.

Baba alikuwa ametuachia chumba cha mbele kilichokuwa duka, na tangu mama augue kilikuwa kitupu. Mwenye Mashine akaja na sanduku refu kumzidi, limelazwa juu ya mkokoteni na kufungwa kwa magodoro kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Akaomba chumba. Kodi yake ilikuwa unga, mafuta, sabuni. Pauline alipofukuzwa kwa kukosa sare, kodi ikawa sare. Kwa sababu ya chumba kile baba mdogo aliacha kuja kuhesabu sufuria zetu kwa macho.

Mashine ilitoka Mombasa, kwenye ukumbi wa michezo ambako alikuwa akifagia. Ukumbi ulipofungwa, mwenye ukumbi alimwachia lile sanduku moja ambalo wanunuzi hawakulitaka. Ndani ya kioo chake walikuwamo watu waliovaa nguo nyeusi toka kichwani hadi miguuni, macho tu yakionekana. Walipigana juu ya paa za nyumba, mwezi ukiwa nyuma yao. Waliruka ukuta kwa ukuta, wakarusha vyuma vyenye ncha, na mmoja akizidiwa alitupa kitu chini, moshi ukafuka, naye akawa hayupo.

Vijana wenye simu nzuri waliicheka. "Mzee, hii picha ni ya miraba miraba. Ninja wako amejengwa na matofali?"

"Matofali yatakupiga," aliwajibu, na kweli yaliwapiga, wakarudi kesho yake.

Tundu la sarafu lilikubali tu zile sarafu nene za zamani ambazo hazitumiki tena popote. Alikuwa na soksi iliyojaa. Ulileta yai, au konzi ya omena, dagaa wa ziwani, au kuni, akakupa sarafu moja; jioni alifungua sanduku kwa ufunguo, akazitoa sarafu zote na kuzirudisha kwenye soksi. Hivyo chumba chetu kikanuka omena, nasi tukala mayai kuliko watu waliokuwa na wazazi wote wawili.

Kabla ya kila mchezo alifuta kioo kwa pindo la shati, hata kama alikuwa amekifuta sasa hivi. Jumapili alikifunika kwa shuka ya maua na kwenda kanisani, ambako aliimba sauti nzito ya chini. Wakigombana watu wawili, aliwaita ndani na kuwapa sarafu ya bure. "Hapa tunapigana kwa zamu, na hakuna anayetoka damu." Niliwaona wavuvi wawili waliokuwa wameshikana mashati kwa ajili ya wavu uliokatwa. Walisimama bega kwa bega mbele ya kioo, wakatukanana kwa majina ya ninja zao, na aliyeshindwa akaenda mwenyewe kuchukua sindano ya kushonea nyavu. Mwenye Mashine hakuvumilia ugomvi wa kweli. Mtu akimpiga mkewe sokoni, yeye aliingia ndani na kukaa nyuma ya sanduku mpaka kelele ziishe.

Na aliogopa giza. Hili lilikuwa siri ya nyumba yetu. Choo kilikuwa nyuma, baada ya migomba, na jua likishazama hakwenda peke yake. Aligonga mlango wetu taratibu: "Mika, jemadari wangu, una nafasi?" Mika alichukua tochi na kumpeleka, akimsubiri huku akiimba kwa sauti ili mzee ajue kwamba hajaachwa.

Naandika hili kwa sababu ya yale yaliyomkuta baadaye.

Mtu asiyetoka kwetu lazima aelezwe kuhusu jajuok. Ni mtu anayekimbia usiku. Mchana ni jirani yako, anakuuzia nyanya. Usiku kitu kinamwamsha, anavua nguo, anakimbia kwenye maboma ya watu, anatupa mawe juu ya mabati, anasugua milango kwa mgongo, na ukitoka hupati mtu. Haui. Lakini anawarithisha wanawe mbio zake, na hakuna anayetaka kumwoza mwanawe kwenye nyumba hiyo.

Wa kwanza kuingiza neno hilo chumbani alikuwa Dani, nyanya jirani yetu, na aliliingiza kwa mzaha. Alikuja siku moja kuona ni nini kinachowachelewesha wajukuu wake. Alisimama na fimbo yake, akamtazama ninja akipanda ukuta.

"Yawa! Huyu namjua. Hivi ndivyo anavyoruka yule wa kule mtoni."

"Dani, huyu ni ninja," Odhiambo alisema bila kugeuka, vidole vyake vikikimbia juu ya vitufe. Yeye ndiye aliyekuwa bora kuliko wote.

"Muite unavyotaka. Usiku, juu ya paa la mtu, hataki kujulikana uso." Akasogea karibu na kioo. "Lakini mbona amevaa nguo? Jajuok wa kweli hukimbia uchi. Huyu wenu hajakomaa."

Chumba kizima kilicheka. Mwenye Mashine alicheka mpaka akafuta macho. Lakini neno lile halikubaki ndani. Lilitoka na wale wajukuu, likafika kisimani, likafika kwenye maombi ya akina mama, na kila lilipofika lilipoteza kicheko kidogo. Watoto wakaanza kuruka kuta za nyumba wakiwa wamejifunga fulana nyeusi usoni. Kisha mtu akatupa mawe juu ya bati la mwalimu mmoja. Watu wakaanza kuulizana: huyu mzee asiye na mke, aliyekuja na sanduku kutoka mbali, anawafundisha watoto wetu nini?

Aliitwa kwenye baraza. Aliamua kwenda kuwaelimisha. Alivaa koti, akachana nywele, akaniambia, "Wakijua maana yake, mambo yataisha." Alikuwa na imani hiyo kwa watu, kwamba ukiwaeleza vizuri wanaelewa. Mzee wa kijiji alimuuliza kwa heshima.

"Hawa watu wa ndani ya mashine ni akina nani?"

"Ni ninja, mzee. Watu wa Japani. Walikuwa askari wa siri."

"Wanatembea saa ngapi?"

"Usiku."

"Wanapita wapi?"

"Juu ya paa."

"Mtu akitoka nje kuwaangalia?"

Mwenye Mashine alikuwa mkweli mno. "Wanatoweka."

Mzee wa kijiji aligeukia watu, akafungua mikono. "Basi ametuambia mwenyewe."

Nilisimama. Najua msichana wa umri wangu hakutakiwa kusimama pale. Nikasema, "Huyu mzee anaogopa giza. Hawezi hata kwenda choo peke yake."

"Mimi ndiye humpeleka!" Mika alipaza sauti kutoka nyuma. "Na huwa anashika shati langu!"

Watu walicheka sana, na Mwenye Mashine akainamisha kichwa. Nilifikiri kicheko kimemwokoa. Kisha mama mmoja wa maombi akasema, bila hasira, kama anayemsikitikia, "Mjanja ndiye hujifanya anaogopa." Kicheko kikakatika.

Walimpa mpaka mwisho wa juma awe ameondoka. Hakubishana. Alifunga sanduku kwa magodoro yale yale. Alituachia unga na mafuta, akampa Mika tochi mpya, akaondoka kwenda Osiri, Migori, kwa wachimba dhahabu, ambako alisikia hakuna anayemuuliza mtu alikotoka.

Baba mdogo alikuja wiki hiyo hiyo. Alikaa pale pale, akanywa chai. Hakusema lolote kuhusu kutugawa. Aliangalia tu kile chumba kitupu kupitia mlangoni.

Odhiambo aliona alivyoangalia. Kesho yake akaniambia anakwenda Osiri kutafuta kazi, ili Pauline amalize shule na Mika asipelekwe kokote. Nilikataa. Tulikosana siku kadhaa. Mwisho Mwenye Mashine akanipigia simu.

"Akoth, nyathina, mwanangu, atakuja tu, hata ukimfungia. Afadhali aje kwangu. Shimoni hataingia. Atafanya kazi kwenye kinu, asage mawe. Nitamwangalia."

Nikamruhusu. Ningefanya nini? Odhiambo alituma chakula kila mwisho wa mwezi, na nyumba ikasimama.

Huko Osiri mashine ilipokelewa kama mgeni wa heshima. Nilikwenda kuwatembelea, nikaikuta chini ya turubai, ikipata umeme kutoka kwenye jenereta na betri za gari, na wanaume wenye vumbi jeupe kwenye nyusi wamepanga foleni. Mtu aliyeshinda shimoni kutwa nzima alitaka kumwona mtu akiruka juu. Sarafu zilikuwa zile zile. Hapa hazikununuliwa kwa yai. Mtu alileta ndoo ya maji, au sahani ya wali. Wakuria waliotoka Ntimaru, watu wa ng'ombe, ndio hawakuridhika. Mmoja wao, jitu la watu lenye sauti ya upole, alitazama michezo mingi kwa makini kisha akauliza, "Mzee, hawa wanapigania ng'ombe wa nani?"

"Hakuna ng'ombe."

"Hata ndama?"

"Hakuna."

"Sasa huyu amekufa kwa nini?" Akatikisa kichwa, kweli akihuzunika, akaondoka. Odhiambo alinisimulia hilo mara nyingi kwenye simu, akiigiza sauti yake.

Alikuwa amekomaa, ndevu zimeanza. Bado hakuna aliyemshinda kwenye mashine. Na jioni yeye ndiye aliyempeleka mzee chooni.

Mvua za masika zilipofika, mwenzake mmoja aliugua, naye Odhiambo akakubali kushika zamu yake shimoni. Asubuhi moja tu. Mwenye Mashine alikuwa ameenda Migori kununua kipuri cha jenereta. Ukuta wa shimo ukamwangukia kabla ya saa sita.

Wachimbaji ndio walionieleza lililofuata, kwa sababu yeye hakuwahi kulisema. Aliporudi na kuambiwa, hakupiga kelele. Aliomba kamba. Walimwambia, mzee, wewe si wa kazi hii, ni mbali na ni giza. Akasema afungwe. Wakamfunga, wakamshusha, na kule chini walimsikia akiimba nyimbo za kanisani kwa ile sauti yake nzito, akitoa udongo kwa karai, akiimba, mpaka alipomfikia Odhiambo. Alitoka amembeba yeye mwenyewe, hakukubali mwingine ambebe. Walisema mzee alipofika juu hakuweza kufumbua macho.

Alikuja na jeneza nyumbani. Watu waliomfukuza walikuwa wamejaa uani, na hakuna aliyempa mkono. Dani ndiye aliyeinuka kwenye kiti chake cha plastiki, akakisukuma kwa fimbo mpaka aliposimama mzee, na kusema kwa sauti ya kusikika, "Kaa, mwanangu. Umebeba mzigo."

Baada ya mazishi nilimfuata. Nilimwambia simlaumu. Nilimwambia kwamba Odhiambo alikuwa mtu mzima, na kwamba asingekuwa yeye na kodi yake tungekuwa tumetawanyika zamani. Nilimwambia arudi akae nasi, chumba kipo, na atakayesema neno ataniambia mimi. Alinisikiliza akiwa ameshika kofia kifuani.

"Nilikuambia nitamwangalia," alisema. Akapanda gari akarudi Osiri.

Simu hakushika tena. Siku moja nikapigiwa na mwanamke Mkuria mwenye kinu, ambaye Odhiambo alimfanyia kazi. "Dada, kuja haraka. Huyu mzee wenu atafia kwa kiti. Hataki hospitali, hataki kuondoka kwa hiyo mashine. Sisi tumeshindwa naye."

Nilimwacha Mika na Pauline, nikaenda.

Nilimkuta chini ya turubai, mchana, amekaa kwenye kiti mbele ya mashine. Miguu ilikuwa imevimba, kifua kikipiga filimbi kila akivuta pumzi. Shati lilimpwaya. Tundu la sarafu alikuwa ameliziba kwa utepe mweusi, hakuna aliyeruhusiwa kucheza. Lakini mashine ilikuwa inawaka. Jenereta lilinguruma nyuma, na mwanamke wa kinu akaninong'oneza kwamba kila anachopewa na wachimbaji kinakwenda kwenye mafuta yake. Halizimwi, mchana wala usiku, na likipumzishwa kuna betri.

"Mzee, nimekuja kukuchukua. Twende hospitali Migori, kisha nyumbani."

"Nikienda nani atatia mafuta?"

"Tutaizima."

"Usiseme hivyo, Akoth."

Akanionyesha kioo. Sikuwa nimejua jambo hili, maana kule kwetu umeme ulikuwa ukikatika kila siku na hakuna kilichobaki kwenye kioo. Mtu akipata alama nyingi kuliko wote, mashine humwomba aandike herufi tatu, nazo hukaa juu kabisa ili watu wajue nani bingwa. Ikizimwa, inasahau. Ukiiwasha tena inaanza upya, kama hakuna mtu aliyewahi kuigusa. Zile za juu ziliandikwa na Odhiambo siku chache kabla ya shimo.

A P M.

"Nilimuuliza ni nini," Mwenye Mashine alisema. "Akaniambia, 'Mzee, hiyo ni timu yangu.' Sikumwuliza tena. Nilifikiri tutakuwa na siku nyingine."

Nilizielewa pale pale. Sikumwambia. Nilijua nikimwambia, nami sitaweza kufanya nililojia.

Nilipiga magoti mbele ya kiti chake. "Mzee. Nimeshazika baba, nimezika mama, nimezika Odhiambo. Wewe sitakuzika kwa ajili ya hii. Nyumbani tuko watatu, tunakutaka uwe wa nne. Sitakuomba tena, nitakubeba."

"Itapotea."

"Najua."

"Haitarudi."

"Najua, baba."

Akafumba macho. Hakusema ndiyo. Nilisimama, nikazisoma tena zile herufi, moja moja, kama anayejifunza kusoma. Kisha nikanyoosha mkono nyuma ya sanduku, mahali pa kitufe nilipopajua kwa kufagia chumba kile miaka yote, nikazima. Kioo kilikusanyika kikawa nukta moja nyeupe, nukta ikakaa kidogo, ikafifia. Mwenye Mashine alitoa sauti ndogo ya mtu aliyechomwa. Wachimbaji waliokuwa wamesimama nje ya turubai walivua kofia zao za plastiki.

Tulimpakia kwenye boda boda, yeye katikati, mimi nyuma nikimzungushia mikono ili asianguke. Njia ilikuwa na mashimo. Nilimsikia akipumua, nami nikadhani hatanisemesha tena.

"Akoth."

"Naam, mzee."

"Ile timu. Wewe ulijua ni nini?"

Dereva alipunguza mwendo kupita kwenye daraja.

"Ni sisi," nikasema. "Akoth. Pauline. Mika."

Nilihisi akizirudia zile herufi moyoni, akitafuta.

"Kumbe hakujiandika mwenyewe."

"Hapana, mzee. Hakujiandika."

Mgongo wake, uliokuwa umekakamaa tangu tuondoke, ukalegea, filimbi ya kifua chake ikiendelea, uzito wake wote ukaniangukia kifuani, nami nikakaza mikono.